Busia na Tororo: Kabla ya kulipia kompyuta, angalia kazi anayopewa mtoto darasani

Kama unamtafutia mtoto nafasi ya sekondari Busia, Malaba au Tororo mjini, mabango umeshayaona. Jengo jipya, wanafunzi waliovaa sare safi, na mbele yao safu ya kompyuta. Chini kuna maneno machache ya kuvutia: maabara ya kisasa, intaneti, masomo ya kidijitali. Kisha unapewa karatasi ya mahitaji, na katikati ya godoro, ndoo, ufagio na rimu ya karatasi kuna mstari wa ada ya kompyuta.

Tunauliza swali moja: katika somo la Kiingereza, pesa hiyo inanunua nini? Tunachagua Kiingereza kwa makusudi. Ndiyo lugha ambayo mtoto atasomea hesabu, biolojia, jiografia na kila kitu kingine, Uganda na Kenya pia. Mtoto aliyetoka Kivu akiwa hodari wa hesabu kwa Kifaransa anaweza kushindwa swali la hesabu kwa sababu tu hakulielewa. Kwa hiyo mwalimu wa Kiingereza ana uzito kuliko vyombo vyote vilivyochorwa kwenye bango.

Maoni yetu ni kwamba kompyuta peke yake haimfundishi mtoto lugha. Anajifunza kwa kazi anayopewa, yaani jambo la kutatua ambalo haliwezi kutatuliwa bila kusoma, kusikiliza, kuuliza na kueleza. Kifaa kikisaidia kazi hiyo, lipa kama unaweza. Kikichukua nafasi ya kazi hiyo, unalipia fanicha. Huhitaji kuwa na diploma ya ualimu ili kuona tofauti. Unahitaji ruhusa ya kukaa nyuma ya darasa kwa kipindi kimoja, na kujua unatazama nini.

Kwa nini mpaka huu

Busia ni mji mmoja katika nchi mbili. Ndiko neno bodaboda lilikozaliwa katika miaka ya 1960, wenye baiskeli walipokuwa wakibeba watu na mizigo kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Watoto nao huvuka. Kuna anayelala Kenya na kusoma Uganda, na kuna wa kinyume chake, kwa sababu ya ada, kwa sababu shangazi anakaa ng'ambo, au kwa sababu mama anauza sokoni upande ule.

Kwa wakimbizi njia hii ina kumbukumbu yake. Mapema mwaka 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya, maelfu ya watu walivuka Busia na Malaba kuingia Uganda. Wengi walipokelewa Mulanda, wilaya ya Tororo, na baadaye kuhamishiwa makazi ya Kiryandongo. Watoto waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa Kenya wakajikuta wanajiandaa kwa mtihani wa Uganda, na wengine hawakuwahi kurudi kwenye mstari. Leo safari ni za pande zote: familia za Wakongomani, Wasudan Kusini na Warundi zenye ndugu Nairobi, Kakuma, Kampala, Nakivale au Kyangwali. Mtoto anaanza shule huku na kumalizia kule.

Na huku na kule mambo hayafanani tena kama zamani. Mwaka huu wa 2026 shule ya sekondari ya Kenya ina Gredi 10, ambao ndio kundi la kwanza la mtaala wa umilisi kufika ngazi hiyo, walioanza Januari. Ina pia kidato cha tatu na cha nne wa mfumo wa zamani wa 8-4-4. Kidato cha pili hakipo, kwa sababu mwaka 2025 hakukuwa na kidato cha kwanza. Sasa chukua mtoto aliyemaliza S2 Busia ya Uganda na familia inahamia Kenya. Ukihesabu miaka ya shule, mwenzake wa S2 alikuwa Gredi 9, ambayo si sekondari ya juu bado. Mwenzake wa S3 yuko Gredi 10, na mwenzake wa S4 yuko kidato cha tatu, kwenye mtaala mwingine kabisa. Kila mwezi anaochelewa kuhama unabadilisha mlango atakaoingilia.

Mtihani umebadilika kabla ya ufundishaji

Uganda ilianza mtaala mpya wa sekondari ya chini Februari 2020 kwa wanafunzi wa S1. Wiki chache baadaye shule zikafungwa kwa sababu ya Covid-19, na kwa wengi hazikufunguliwa moja kwa moja hadi Januari 2022. Walimu wengi walipata mafunzo ya haraka, kisha wakakaa nyumbani. Kundi la kwanza la mtaala huo lilifanya mtihani wa UCE mwishoni mwa 2024, na baraza la mitihani, UNEB, likatoa matokeo Februari 2025.

Kilichobadilika ni aina ya swali. Zamani mtahiniwa wa Kiingereza aliweza kufika mbali kwa kukariri kanuni za sarufi na insha mbili tatu za kuandaliwa. Sasa anapewa hali: kuna tatizo kijijini au shuleni, kuna habari fulani, mhusika fulani anahitaji msaada, andika kitu kitakachomsaidia. Alama 80 kati ya 100 hutoka kwenye mtihani wa mwisho, na 20 hutoka kwenye kazi ambazo mwalimu amezipima shuleni kabla ya mtihani. Hizo 20 tutarudi kwazo, kwa sababu ndizo zinazowaumiza wanaohama.

Kenya nayo, hata kwenye KCSE ya zamani ambayo itafanywa mara ya mwisho mwaka 2027, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ni ya matumizi ya lugha: kuandika barua au ripoti yenye lengo, kujaza nafasi kwenye habari, na sehemu ya mazungumzo na matamshi ambayo, cha kushangaza, hujibiwa kwa kalamu. Gredi 10 wanatarajiwa kwenda mbali zaidi ya hapo.

Kwa hiyo mitihani imeanza kuuliza, "Unaweza kufanya nini na Kiingereza?" Lakini ukipita madirishani mwa madarasa mengi, bado utasikia darasa zima likirudia sentensi baada ya mwalimu. Simlaumu mwalimu mwenye wanafunzi themanini na chaki mbili. Ila ni vizuri wewe mzazi au mlezi ujue pengo liko wapi.

Zoezi na kazi si kitu kimoja

Njia ya kufundisha lugha kwa kazi haikuanzia kwenye shule za matajiri. Mwaka 1979 mtaalamu wa Kihindi, N. S. Prabhu, alianzisha mradi wa kuijaribu katika shule za kawaida za kusini mwa India, ukaendelea hadi 1984 na kujulikana kama Mradi wa Bangalore. Watoto hawakufundishwa kanuni kwanza. Walipewa ratiba za treni, ramani, orodha za bei, wakaulizwa mambo ya kutatua: ukitaka kufika mji fulani kabla ya saa nne upande treni gani? Mwalimu alifanya mfano mmoja mbele ya darasa pamoja nao, akiuliza na kujibiwa, kisha kila mmoja akafanya mwingine unaofanana. Vifaa vyao vilikuwa ubao, chaki na karatasi.

Jambo moja la mradi ule husahaulika. Prabhu hakutegemea sana makundi. Kazi nyingi zilifanywa kati ya mwalimu na darasa zima, kisha mtu mmoja mmoja. Nalitaja kwa sababu siku hizi shule ikisema inafundisha "kwa njia mpya" mara nyingi maana yake ni kwamba imegeuza madawati yatazamane. Wanafunzi sita wanaotazamana bila jambo la kutatua wanapiga soga tu, tena kwa lugha ya nyumbani.

Tuweke mfano wa hapa. Zoezi ni hili: jaza nafasi iliyoachwa wazi kwa kitenzi sahihi, mama alikwenda sokoni, mama huenda sokoni, mama atakwenda sokoni. Lina faida yake, sikatai. Lakini mtoto anaweza kulipata lote bila kuwa na la kumwambia mtu.

Kazi ni hii. Kuna utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaomsaidia mfanyabiashara mdogo anayevuka Busia au Malaba na bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Maelezo yake yanapatikana kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa kwanza apewe karatasi yenye masharti. Wa pili apewe karatasi yenye mzigo wa mama fulani: maharage, mitumba ya nguo kutoka ng'ambo, samaki wakavu, na bei ya kila kitu. Hakuna kuonyeshana karatasi. Waulizane na kujibizana kwa Kiingereza mpaka waamue ni bidhaa zipi zinaweza kupita kwa utaratibu huo na zipi haziwezi, kisha wamwandikie mama yule ujumbe mfupi wa kumweleza la kufanya.

Angalia kilichotokea. Kila mmoja ana habari ambayo mwenzake hana, kwa hiyo lazima waongee. Lazima wafikiri, kwa sababu mitumba haikuzalishwa kwenye Jumuiya. Lazima waandike, na wanamwandikia mtu kwa sababu maalumu. Na jibu linaweza kuwa sahihi au kosa. Mtoto wa Busia ambaye mama yake anauza pale mpakani hatakosa la kusema, na mtoto mkimbizi ambaye familia yake inaishi kwa biashara ndogo hatakuwa mgeni wa mada hiyo.

Ukikaa nyuma ya darasa

Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu au kwa mwalimu anayesimamia taaluma. Siku ya wazazi haifai, kwa sababu siku hiyo kila kitu kimepangwa. Omba kipindi cha kawaida cha Kiingereza ambacho wanafunzi wanatumia kompyuta au vishikwambi. Shule isiyotaka mzazi aone kipindi kimoja cha kawaida imeshakujibu kitu.

Kwanza tazama mikono. Kompyuta moja mara nyingi huwa na wanafunzi watatu, wanne, hata saba. Ni nani ameshika kipanya? Kwa kawaida ni yule mwenye kompyuta nyumbani, au aliyewahi kusoma shule ya mjini. Wengine wanatazama kama watu wanaotazama mpira kwenye kibanda cha video. Ikifika nusu ya kipindi na mikono haijabadilika, basi kifaa kimemnufaisha mmoja. Mwalimu mzuri hubadilisha: mwenye kipanya haruhusiwi kuamua, anatekeleza anachoambiwa na wenzake kwa Kiingereza. Hapo ghafla wale waliokuwa kimya ndio wenye kazi ya kuzungumza.

Kisha sikiliza dakika. Usihesabu dakika za mwalimu, hesabu za mtoto mmoja. Chagua mmoja, hasa aliyekaa pembeni, umfuatilie kipindi kizima. Ametamka sentensi ngapi za Kiingereza ambazo hakuzirudia kutoka kwa mwalimu wala kuzisoma kwenye skrini? Katika kipindi cha dakika arobaini, dakika kumi zinaweza kuisha kuwasha mashine, kutafuta nywila na kumwita fundi. Umeme wa mpakani unaujua mwenyewe. Shule nyingine ina sola, lakini betri zimechoka. Muulize mwalimu: umeme ukikatika sasa hivi, somo linaendeleaje? Kama anatoa karatasi mfukoni na kuendelea, una mwalimu. Kama darasa linavunjika, ujue somo lilikuwa ndani ya mashine.

Tatu, tazama kilicho kwenye skrini. Kama ni maswali ya kuchagua A, B, C au D, hilo ni zoezi lile lile la kujaza nafasi, limevaa koti jipya. Kama ni habari ya kusoma, sauti ya kusikiliza au picha ya kuelezea kwa mwenzako ambaye haioni, hapo kifaa kinafanya kitu ambacho ubao hauwezi. Faida kubwa ya kishikwambi katika Kiingereza, kwa maoni yangu, ni sauti. Mtoto aliyesikia Kiingereza cha mwalimu mmoja tu maisha yake yote anaweza kusikia watu wengine wakizungumza, akarudia mara nne bila kumuudhi mtu. Faida hiyo mara nyingi haitumiki, kwa sababu shule imenunua mashine arobaini na haikununua hata vipokea sauti kumi vya masikioni.

Nne, subiri mwisho wa kipindi. Mwingereza Jane Willis, katika kitabu chake cha 1996 kuhusu njia hii, alitilia mkazo hatua ambayo walimu wengi huiruka kwa kukosa muda: baada ya kazi, kundi lijiandae na kisha liwaeleze wengine lilivyoamua. Wakiwa wawili watatu wanaongea ovyo ovyo, makosa si neno. Wakijua watasimama mbele ya darasa, wanaanza kuulizana neno sahihi ni lipi. Na baada ya hapo ndipo mwalimu huchukua makosa aliyoyasikia na kufundisha sarufi inayohusika. Kipindi kinachokatishwa na kengele kabla ya hatua hizi ni kama ugali uliotolewa motoni mapema: umechemka lakini haujaiva.

Kuhusu akili bandia, nitasema machache. Shule nyingi za sekondari zinakataza simu, lakini kwenye maabara yenye intaneti mwanafunzi anaweza kubandika swali na kupata barua nzima iliyonyooka. Mwalimu anayetoa kazi ya kuandika tu, bila kumtaka mtoto aeleze kwa mdomo alichoandika, anasahihisha maandishi ya mashine. Ile kazi ya karatasi mbili ni ngumu kudanganya, maana habari iko kwa jirani yako na saa inakwenda.

Ushahidi unasemaje

Karibu na Busia, kaunti ya Kisumu, watafiti wakiongozwa na Benjamin Piper walilinganisha njia kadhaa za kutumia teknolojia katika kufundisha kusoma madarasa ya chini ya msingi: vishikwambi kwa maofisa wanaowatembelea walimu, vishikwambi kwa walimu, na vifaa vya kusomea mikononi mwa wanafunzi. Utafiti ulichapishwa 2016. Programu yenyewe ya kufundisha kusoma, yenye vitabu na mafunzo kwa walimu, ilisaidia. Lakini kuongeza vifaa vya bei kubwa juu yake hakukuleta tofauti ya maana iliyolingana na gharama yake. Hao ni watoto wadogo, si wa sekondari, kwa hiyo usiubebeshe utafiti huo mzigo usio wake. Hata hivyo ukisikia mtu anasema kishikwambi kwa kila mtoto ndiyo suluhisho, mkumbushe Kisumu.

Kwenye makambi ya Kenya kuna mfano mwingine wa kufikiria. Tangu 2013 mradi wa Vodafone Foundation na UNHCR umeweka vituo vya vishikwambi, projekta na intaneti kwenye shule za Dadaab na baadaye Kakuma. Waliouanza walielewa jambo ambalo shule nyingi za bango hazijaelewa: seti moja ya vishikwambi ishirini na tano inazungushwa kati ya madarasa, na mwalimu hufunzwa kuitumia. Vilevile kuna programu ya Kolibri, inayotumika katika makazi kadhaa ya wakimbizi Uganda na Kenya, ambayo hufanya kazi bila intaneti. Kwa shule ya Tororo isiyo na pesa za kulipia data kila mwezi, mpango wa aina hiyo una akili kuliko maabara inayofunguliwa wageni wakija.

Tusiwe watu wa kushabikia pia. Njia ya kazi ina wakosoaji wazito. Michael Swan aliandika mwaka 2005 kwamba haiwafai wanafunzi ambao nje ya darasa hawasikii lugha hiyo, kwa sababu watazungusha maneno yale yale machache wanayoyajua na hakuna jipya litakaloingia. Ana hoja, na hoja yake inawahusu watoto wetu. Mtoto aliyefika Uganda miezi minne iliyopita akijua Kifaransa na Kiswahili hawezi kuamua jambo kwa maneno ya Kiingereza ambayo hana. Anahitaji kwanza kusoma na kusikiliza kwa wingi, na kufundishwa msamiati wa kazi kabla kazi haijaanza. Darasa linaloanza na "jipangeni makundi, anzeni" linamwacha kituoni.

Mtoto mgeni ndani ya kundi

Hapa ndipo tunapotaka uangalie kwa makini zaidi. Katika kila kundi kuna kazi ndogo zisizohitaji lugha: kupiga mstari, kuchora, kushika saa, kwenda kuchukua karatasi. Mara nyingi hizo ndizo anazopewa mtoto mgeni. Wenzake hawana nia mbaya, wanataka kumaliza. Mwalimu anaona kundi lina shughuli, anaandika alama sawa kwa wote. Mwisho wa muhula mtoto huyo ana alama nzuri za makundi na hajui kuomba ruhusa ya kutoka kwa Kiingereza.

Kuna shule zinazowaadhibu watoto kwa kuongea lugha nyingine. Sikubaliani nazo, na si kwa huruma tu. Ukimkataza mtoto lugha aliyo nayo kabla hajapata nyingine, umemnyamazisha, na mtoto aliyenyamaza hajifunzi kuongea. Njia ya kati ipo: kundi liruhusiwe kupanga kwa Kiswahili, lugha ambayo mtoto wa Bukavu, wa Busia ya Kenya na hata wa Tororo wanaweza kukutana nayo, lakini taarifa kwa darasa iwe kwa Kiingereza, na mtoaji taarifa ateuliwe na mwalimu dakika ya mwisho. Kwa kuwa yeyote anaweza kuitwa, kundi lina sababu ya kumwandaa yule dhaifu. Uganda yenyewe imeweka Kiswahili kwenye mtaala wake mpya wa sekondari. Haina maana lugha hiyo ifundishwe saa tatu na iadhibiwe saa tano.

Sasa zile alama 20 za UNEB. Hukusanywa shuleni, na shule ndiyo inayozituma. Mtahiniwa ambaye alama zake hazikufika anaweza kujikuta hana cheti hata kama aliukalia mtihani wote. Mtoto wa familia isiyohama halioni tatizo hili. Mtoto wako analiona: alisoma S3 Kyangwali, akahamia Tororo katikati ya mwaka, na kazi alizofanya kule zimebaki kwenye daftari la mwalimu wa kule. Ukihama, usiondoke na barua ya uhamisho peke yake. Omba maandishi yenye muhuri yanayoonyesha alama za kazi zake katika kila somo, pamoja na kazi ya mradi, na uyapeleke kwa msimamizi wa taaluma wa shule mpya wiki ya kwanza. Uliza kama zimeingizwa. Uliza tena mwishoni mwa muhula. Kwa anayetoka Kenya na cheti au matokeo ya huko akitaka kuingia Uganda, UNEB ndiyo inayolinganisha vyeti vya nje. Lianze hilo mapema kabla ya kulipa ada ya usajili wa mtihani.

Kama shule uliyoitembelea haina kompyuta hata moja, bado fanya zoezi lile lile la kukaa nyuma. Unaweza kumkuta mwalimu amepasua boksi la sabuni vipande themanini, ameandika kwa kalamu nusu ya habari kwenye kila kipande, na darasa lote limesimama likitafutana kwa Kiingereza nani ana nusu nyingine. Kelele zitakuwa nyingi. Mlete mtoto wako hapo. Mwaka uliopita misaada mingi ya elimu kwa wakimbizi ilipunguzwa, na kwa familia nyingi ada ya muhula mmoja sasa ni mjadala wa ukoo mzima. Mstari wa kompyuta kwenye karatasi ya mahitaji unaweza kuwa gharama ya sare na vitabu vya mdogo wake, na una haki ya kumuuliza mwalimu mkuu, kwa heshima na bila woga, kwamba wiki iliyopita wanafunzi wa Kiingereza waliingia maabara mara ngapi, na walitoka na nini.